Fimbo Zilizolala kwa Akina Mama

Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu wa historia ya klabu yetu, na nilikuwa nimeshajisifu mara mbili, Esperansi aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki. Vijana wa Rubondo, wale wanaocheza siku hizi, ndio walioniomba niiandike hiyo historia. Walinijia hapa Mbarara, wakakaa kwenye kochi langu magoti yakiwa yamebanana, wakanieleza kwamba klabu haiwezi kuomba jezi mpya bila kuwa na historia, na kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nilikubali haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye shughuli. Ninafundisha chuoni na kuandika makala ambazo husomwa na mke wangu na mhariri, wakati mwingine mhariri peke yake, kwa hiyo sipati maombi ya namna hiyo kila wiki. Nilikuwa nimeandika hivi: “Baada ya wasiwasi mdogo wa awali, wakazi wa Rubondo waliupokea mchezo huo kwa mikono miwili.” Niliipenda sentensi hiyo. Nilikuwa naisoma kwa sauti, peke yangu, simu ilipolia.

“Kaka Bya,” alisema Esperansi, “mama ametutoka.” Nikamuuliza lini, vipi, yale maswali ambayo mtu huuliza ili mdomo usikae bure. Akasema tunazika kesho kutwa. Kisha akasema, “Uje mapema. Kuna kitu chako hapa.” Kitu gani? “Uje tu,” akajibu, kwa sauti ile ile ya mama yake, sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Mwaka ninaotaka kuuzungumzia nilikuwa na miaka kumi na saba, naishi Rubondo, zoni mojawapo ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kupanga foleni ya maji bombani. Ndipo alipokuja Padri Fintani. Alikuwa mtu mrefu kutoka Ireland, uso mwekundu wakati wote kama aliyetoka kukimbia, na Kiswahili chake, alichojifunza Kenya, kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba tulidhani anasoma mahali. Jumapili yake ya kwanza, baada ya misa, alifungua gunia mbele ya kanisa akatoa fimbo. Ilikuwa ndefu kumfikia mtu kiunoni, nyembamba pa kushikia, halafu mwishoni ilipinda na kupanuka ikawa bapa. Nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja wa kwetu Kivu, Kongo, akisema, “Huu mwiko, kwao banasongaka bugali ya batu ngapi?” Watu wakacheka mpaka Padri naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Alitueleza kwamba huo ni mchezo wa vijiji vya kwao, mzee kuliko kanisa lao. Unapiga mpira mdogo wa ngozi, ukubwa wa ngumi, uwe chini au hewani, kwa nguvu zako zote. Milingoti miwili mirefu, mwamba katikati: mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, ukipita chini ni goli, nalo ni pointi tatu. Mchezo huo ulikuwa na ndugu yake, mchezo wa mpira mkubwa wa kudaka na kupiga teke, nao alitufundisha siku za mvua. Ulitupendeza, lakini mtu akishashika fimbo hataki tena kushika kitu kingine. Fimbo alizokuja nazo hazikutosha, ikabidi tuchonge zetu. Alituonyesha kwamba haikatwi tawi. Inachimbwa pale shina linapokutana na mzizi, ambapo mti wenyewe umepinda, ili fimbo isivunjike kwenye kona. Tukaenda upande wa Kabingo kununua visiki vya mikaratusi kwa mwenyeji mmoja, Mnyankore, aliyekuwa ameuza miti yake. Alitutazama tukichimba ardhini, akatikisa kichwa. “Nyinyi watu ya kambi,” alisema, “mti mzima iko hapo, nyinyi nataka mizizi tu? Mutakula?”

Basi tukachonga. Timu ikawa nusu Wakongo nusu Warundi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Nakivale nilikuwa na shughuli iliyonifanya nilale nimechoka. Tulifanya mazoezi bondeni, mbali na nyumba, mpaka siku ya mechi yetu ya kwanza, sisi kwa sisi, katika uwanja wa katikati ya zoni. Padri alisema timu huingia uwanjani kwa kukimbia, pamoja, fimbo juu, ili watazamaji wapate moyo. Tulikubaliana kuanzia juu ya kilima nyuma ya kanisa. Ilikuwa jioni, saa ya kupika. Padri akapuliza filimbi, nasi tukashuka kilima mbio, vijana thelathini, vumbi nyuma yetu, tukipiga kelele.

Nimeisimulia siku hiyo mara nyingi. Katika sherehe za walimu hapa Mbarara huombwa niisimulie, nami huisimulia vizuri: yule mzee aliyekimbia amebeba mlango wa nyumba yake, mshonaji Mama Adela na cherehani kichwani, kuku waliobaki wakituangalia kama mashahidi. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Kuna mambo mawili ambayo sijawahi kuyaweka katika masimulizi hayo, kwa sababu hayachekeshi. La kwanza ni kwamba hakuna aliyepiga ukelele. Mimi nilifikiri watu wakiogopa hupiga kelele. Nilikuwa sijajua kwamba watu waliozoea hukimbia kimya. Mwanamke shambani aliinua kichwa akatuona, akaangusha jembe, na kutoka hapo hofu ikaenda nyumba hadi nyumba bila sauti, watoto wakipandishwa mgongoni kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukishika sufuria. La pili ni kwamba mama yangu alipita karibu yangu. Alikuwa na chungu cha maharage kinachofuka mvuke. Aliniangalia usoni, mimi niliyetoka tumboni mwake, akaangalia fimbo, kisha akakata kona akanikimbia.

Tulisimama katikati ya zoni isiyo na mtu. Redio ya mtu fulani ilikuwa inaendelea kusoma habari. Padri Fintani alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe. “Nimefanya nini?” aliuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Wengine walipatikana siku hiyo hiyo njiani kuelekea Kabingo, wengine walirudi kesho yake, magodoro kichwani, bila kuangaliana. Huo ndio “wasiwasi mdogo wa awali” wa historia yangu.

Mkutano uliitishwa mbele ya kanisa. Kuni zilikuwa zimeshapangwa, na fimbo zetu zimelundikwa kando yake. Mwenyekiti wa zoni alisema maneno machache tu, kwamba hatutaki kuona vitu hivi, na Padri akasema ni haki, alikuwa tayari kuwasha moto kwa mkono wake. Tulikuwa tumeinamisha vichwa. Jado, rafiki yangu Mrundi aliyekuwa mfungaji wetu, alikuwa analia waziwazi na kusingizia vumbi. Mama yangu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu siku ile, ndiye aliyesimama.

“Musichome,” alisema. “Banafurahi, hawa batoto. Toka tufike hapa sijaona wangu akifurahi.” Hakunitazama. “Lakini hizi fimbo zikilala na batoto, miye sitalala. Zilale kwa bamama.”

“Kila mmoja kwa mama yake?” aliuliza mwenyekiti.

“Hapana. Mama anashindwaka na mutoto wake. Yangu iende kwa Murundi, ya Murundi ikuye kwangu. Akitaka kucheza, aende apige hodi, aombe.”

Yakazuka mabishano, kwa Kiswahili, Kifuliiru chetu na Kirundi kwa pamoja, na jua lilipoanza kushuka kanuni ilikuwa imepatikana, nami sijaona klabu nyingine duniani yenye kanuni kama hiyo. Fimbo ya Mkongo italala kwa mama Mrundi, na ya Mrundi kwa mama Mkongo. Mchezaji atapiga hodi mlangoni, ataomba, atacheza, atairudisha kabla jua halijazama. Na mama yeyote, mmoja tu, akichoka, ataileta fimbo mbele ya kanisa na kuiweka chini. Hataulizwa sababu. Siku hiyo zote zitachomwa, na mchezo utakuwa umekwisha.

Mwenyekiti akawaita mmoja mmoja. Kila mama aliyeitwa alichukua fimbo, mwingine kwa kicheko, mwingine kama anapokea mtoto mchafu. Yangu ilibaki mwisho, na aliyebaki mwisho alikuwa Mama Adela, mshonaji Mrundi aliyeishi na binti yake Esperansi nyuma ya bomba, Adela likiwa jina la huyo mama mwenyewe. Hakuwa na mume wala mtu mwingine, na hakuwa mzungumzaji. “Mama Adela, na wewe?” Alisimama mbele ya ile fimbo muda mrefu, akiitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua. Tulijua sote kwamba akikataa imekwisha. Alifungua kitenge cha juu alichojifunga kiunoni, akakitupia juu ya fimbo, akaikunja humo ndani bila kuigusa kwa mkono, akaondoka nayo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda kwa Mama Adela karibu kila jioni kwa muda wa mwaka mmoja. Nilikuwa nikisimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, naye namwona kabisa amekaa kwenye cherehani, nami nasema hodi.

“Nani?” anauliza, bila kugeuka.

“Byamungu.”

“Unataka nini?”

“Naomba fimbo, mama.”

“Ya kufanya nini?”

“Kucheza.”

Cherehani itaendelea kidogo, kisha itanyamaza. Ataingia nyuma ya pazia, atarudi na fimbo ndani ya kitenge, ataikunjua juu ya kizingiti ili mimi niitoe mwenyewe. Kesho yake ni yale yale, nani, unataka nini, ya kufanya nini, kama vile hatujawahi kuonana. Mwezi wa kwanza nilidhani ananidhihaki. Mwezi wa pili nilidhani ana tatizo la kumbukumbu. Jado alikuwa akinicheka mpaka anakaa chini, kwa maana fimbo yake ililala kwa mama yangu, na mama yangu alikuwa anampa chai yenye sukari ambayo sisi wa nyumbani tulikuwa tunaisikia kwa harufu. “Pole, mwe,” alikuwa akiniambia. “Mimi kule niko mtoto wa nyumba. Wewe uko unahojiwa na polisi.”

Tuliishi kwa kumwogopa Mama Adela. Kila mtu alijua kwamba kama kuna mama atakayeirudisha fimbo, ni yeye. Tukiwa mazoezini na mwanamke akapita juu ya kilima na mzigo mrefu kichwani, mchezo ulisimama wenyewe mpaka tuhakikishe kwamba ni kuni. “Adela akikohoa,” alisema Jado, “klabu imekufa.” Wenzangu walinipa maagizo: usichelewe, usipige kelele karibu na nyumba yake, mletee maji. Nilimletea maji. Aliyapokea na kuniuliza, “Nani amekutuma?”

Halafu, sijui ilianza lini, jioni moja niliporudisha fimbo aliniuliza, “Umekula?” Swali hilo katika kambi haliulizwi ovyo, kwa sababu jibu lake linajulikana. Nikaingia. Chumba kilikuwa kidogo, kuta za udongo zilizopakwa majivu zikawa laini, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda, cherehani iliyofunikwa kama mgonjwa, na nyuma yake pazia la chumba cha kulala. Alinipa ndizi zilizopikwa na maharage kwenye mawese, mawese mekundu ya kweli ambayo wafanyabiashara walikuwa wanayaleta kwa madumu, na mimi ambaye sikuwa nimeonja mawese tangu Kivu ilibidi nitazame sahani ili wasione uso wangu. Esperansi, aliyekuwa na miaka kumi na miwili hivi, alinitazama nikila kwa macho ya mtu anayehesabu vijiko. Chakula kilipikwa nje, katika kibanda cha jikoni cha nyasi, na kwa kuwa nilizoea kwenda kumsaidia kubeba sufuria, nilikuwa nakiona kilivyo ndani: mafiga matatu, kuni, mkeka umesimamishwa pembeni, blanketi limekunjwa juu ya kuni. Nilidhani ni pa Esperansi kupumzikia mchana. Nguo za Mama Adela, nywele zake, hata kitambaa alichoshona, vilinukia moshi daima. Nilidhani ndivyo wanavyonukia watu wapendao kupika.

Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa kijana anayeona kila kitu na kudhani. Jioni moja nilikuwa mezani, naye yuko nje na jirani yake, wakizungumza Kirundi, lugha niliyokuwa nimeanza kuielewa kwa ajili ya matusi ya uwanjani. “Bado imo ndani?” aliuliza jirani. “Imo,” alijibu Mama Adela. “Na wewe?” “Mimi nipo.” Jirani akashusha pumzi. Nilidhani wanazungumzia panya.

Mwaka ulipokuwa unakaribia kwisha, Padri Fintani alitupatia mechi Mbarara, dhidi ya vijana wa seminari ambao padri mwenzake wa kwao alikuwa amewafundisha mchezo huo. Tulipanda lori, wachezaji na fimbo, na kwa kuwa kanuni ilikuwa ni kanuni, tulipanda na akina mama pia, kila mmoja amepakata fimbo yake ndani ya kitenge. Walikuwa wamevaa za Jumapili. Kwenye kizuizi cha barabarani afande alisimamisha lori, akapanda juu, akatazama wale wanawake na yale mafurushi.

“Nyinyi natoka wapi?”

“Nakivale, afande.”

“Hiyo ni mtoto?”

“Ni fimbo,” alisema mama yangu.

“Fimbo ya nini? Fungua. Fungua yote!” Zikafunguliwa. Mwenzake aliyekuwa chini akashika bunduki yake vizuri zaidi. “Mutu moja aniambie pole pole,” alisema afande, “hii watu nakwenda Mbarara kupiga nani?”

Padri alishuka na kueleza. Kiswahili chake kilichonyooka kilizidisha mashaka. Mwishowe akaomba fimbo moja kwa mwenye kuilinda, akamkabidhi afande, akamrushia mpira. Afande akakosa, akakosa tena, akavua kofia. Mara ya tatu aliupata vizuri, mpira ukaruka barabara ukapotelea kwenye migomba, na uso wake ukawa wa mtoto. “Banange!” alisema. “Hii mchezo iko na nguvu.” Aliturudishia fimbo kwa kusitasita. Lori lilipowashwa akapiga bodi kwa kiganja. “Lakini hiyo miti nabaki na hawa wamama, munasikia? Hapana peana hawa vijana mpaka munafika!” Akina mama walicheka kutoka pale mpaka mjini. Hata Mama Adela alitabasamu, nami nilimwona, nikamgusa Jado ili awe shahidi.

Seminari walitulisha matoke na mchuzi wa karanga, kosa kubwa kwao, kwa kuwa tulikula kama watu waliokuja kwa ajili hiyo, na kosa kubwa zaidi kwetu, kwa kuwa baada ya hapo tulitakiwa kukimbia. Uwanja wao ulikuwa na nyasi zilizokatwa. Walikuwa wanatufunga ovyo, mpaka kipa wetu akaacha kuuliza ni ngapi. Lakini kipindi cha pili tulikuwa tumeanza kuamka, na mpira mmoja ulipopaa juu katikati ya uwanja niliruka kuudaka kwa mkono. Mseminari mmoja aliruka pia, na fimbo.

Nilisikia kwanza mlio, kama kuni kavu inavyopasuka, na nikajiuliza ni fimbo ya nani iliyovunjika. Kisha nikaona nyasi kwa karibu sana. Sikuhisi maumivu. Nilichohisi ni ukimya. Niliujua ukimya ule. Nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, pale Rubondo, tukishuka kilima. Nikainua kichwa, damu ikaingia jicho moja, na kwa jicho lililobaki nikaona akina mama zetu wote wamesimama. Mama yangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Wengine hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama geti.

Mama Adela alikuwa anakuja uwanjani. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kanisani, kitenge mkononi, na kila mchezaji wetu alijua anakuja kufanya nini. Jado alikuwa ameinama juu yangu, na nilimsikia akisema taratibu, “Basi. Imekwisha.” Nilitaka kusimama nimwonyeshe kwamba mimi mzima, na miguu ikakataa. Lakini alinipita. Alikwenda kusimama mbele ya yule mseminari, ambaye bado alikuwa ameshika fimbo, na kwenye ubapa wa fimbo ile kulikuwa na damu yangu. Alikuwa wa umri wangu. Alipiga magoti. Akamnyooshea ile fimbo kwa mikono yote miwili.

“Mama, nisamehe,” alisema. “Mimi sikuona yeye.”

Mama Adela aliitazama fimbo. Akaishika. Aliishika kwa mkono mtupu, kwa kiganja kizima, nami niliyemfahamu karibu mwaka mzima nilishtuka bila kuelewa ni nini hasa kilichonishtua. Alikaa hivyo. Hakuna aliyesogea, hata mwamuzi. Kisha akasema, “Si mimi. Umwambie yeye.” Yule kijana akaja mbele yangu, akaniambia. Mama Adela akachana kile kitenge chake, akanifunga kichwa, akarudi kwenye nafasi yake akakaa, na akina mama wengine, mmoja baada ya mwingine, wakakaa. Tulishindwa vibaya. Njiani kurudi Padri Fintani aliimba nyimbo za kwao peke yake, kwa sauti mbaya.

Tangu siku hiyo Mama Adela alinipa fimbo mkononi, bila kitenge. Nilidhani ni kwa sababu kitenge kilichanika.

Miezi michache baadaye Padri alirudishwa kwao, nami nikapata nafasi ya kusoma Mbarara. Jioni ya mwisho nilirudisha fimbo kama kawaida. “Kesho?” aliniuliza, neno ambalo hakuwa ameniuliza kamwe. Nikamwambia kesho nasafiri. “Haya,” akasema. Nikaenda zangu, nikasoma, nikapata kitambi na maoni. Nilimtembelea mara chache kwa miaka, na soda na mkate, kama msomi anavyotembelea utoto wake, na mara zote tulizungumza habari za wajukuu.

Tulimzika asubuhi, Rubondo, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Vijana wa klabu walikuja wamevaa jezi zao zilizopauka. Siku hizi wanavaa na kofia ngumu, na fimbo zao bado zinalala kwa akina mama, ingawa wao wanadhani ni utaratibu wa kutunza vifaa. Baada ya chakula Esperansi, ambaye sasa ni mama mnene anayeuza vitambaa Isingiro, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Nyumba ni ya matofali sasa, yenye bati. Lakini kibanda cha jikoni cha zamani kimebaki. Tulikaa juu ya mafiga.

“Unajua mama alilala hapa?” aliniuliza.

Nikasema sikuelewa.

“Ule mwaka. Fimbo yako ililala ndani, kwenye chumba chake. Yeye alilala hapa, kwenye mkeka. Hakuweza kulala nyumba moja nayo.” Alikuwa anasema kwa utulivu, akiokota majani kwenye sketi yake. “Mvua ikinyesha alikaa macho, na blanketi kichwani. Mimi nililala ndani peke yangu. Nilikuwa naichukia, hiyo fimbo.”

Niliona mkeka uliosimamishwa pembeni. Blanketi juu ya kuni. Imo. Na wewe? Mimi nipo. Nina shahada mbili, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilibaki nadhani ni panya.

“Kwa nini hakuirudisha?” nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. “Angeiweka tu mbele ya kanisa. Hakuna ambaye angemuuliza sababu.”

“Na mimi nilimwambia hivyo hivyo. Kila siku nilimwambia.” Akaokota jani jingine. “Kaka Bya, wewe hukuwahi kuuliza baba yangu alikufaje. Wala kaka zangu.”

Sikuwahi. Kambini hatuulizani. Tunaita hiyo heshima.

“Ilikuwa saa ya chakula,” alisema. “Walikuja na fimbo. Walikuwa majirani, tuliwajua kwa majina. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia tu.” Alinitazama, kwa macho yale yale ya kuhesabu vijiko. “Nilipomwambia aipeleke kanisani, aliniambia, ‘Wale hawakupiga hodi. Huyu anapiga. Acha nimsikie tena kesho.’ Kila siku, acha nimsikie tena kesho. Mpaka mliporudi kutoka Mbarara. Ile jioni alikunja mkeka, akaingia ndani akalala, na sisi hatukuongea habari hiyo tena.”

Nakumbuka kwamba vijana walikuwa wanacheka mbele ya nyumba, na kwamba nilikuwa naona ile sentensi yangu, wasiwasi mdogo wa awali, ikiwa imeandikwa safi kabisa kwenye kompyuta mezani kwangu. Esperansi alisimama, akajifuta, akasema, “Haya. Kitu chako.” Nikamfuata mpaka mbele ya nyumba. Nilidhani ataniletea. Badala yake aliingia ndani, akaacha mlango wazi, akakaa kwenye kiti cha mama yake kando ya cherehani, akanigeuzia mgongo. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yake, imepakwa mawese mpaka ikawa nyeusi na kung’aa, kama kitu kilichofanyiwa kazi jana. Watu uani wakageuka kututazama.

Nikasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi, mtu mzima, na kitambi changu na tai ya msiba.

“Hodi,” nikasema.

“Nani?” akauliza Esperansi, bila kugeuka.

“Byamungu.”

“Unataka nini?”

“Naomba fimbo, mama.”

“Ya kufanya nini?”

Jibu nilikuwa nalijua. Nililitoa kila jioni kwa mwaka mzima. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka, na Esperansi hakugeuka kunisaidia. Ikabidi nirudi nyuma hatua moja na kuanza upya, kuanzia hodi.